Si Kila Uvimbe wa Ini ni Saratani

Mliokusanyika madarasani Kariakoo, Gerezani, Ilala na Magomeni, nanyi mnaosikiliza kwa jirani mwenye redio, karibuni katika somo letu la afya. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matano: ini, uvimbe, jipu, saratani, kipimo. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha kila mmoja ayaandike katika daftari lake. Tutayatumia yote leo.

(Muda wa kuandika: dakika mbili.)

Haya, tuendelee. Nataka kuzungumza nanyi habari za uvimbe unaoonekana ndani ya ini. Siku hizi kipimo cha altrasaundi kinapatikana hata katika zahanati ndogo za mjini. Mtu anakwenda kupimwa kwa sababu ya kiungulia au maumivu ya tumbo, anatoka na karatasi inayosema kwamba ini lake lina uvimbe. Karatasi yenyewe mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza. Anamwonyesha jirani, jirani anatikisa kichwa. Kufika jioni nyumba nzima imekwisha kusema ni saratani, ile ambayo wengine huiita kansa. Wako wanaouza meza yao ya biashara sokoni siku ileile, wakapanda basi kurudi kwao kungoja kufa. Na kati ya hao wako ambao ugonjwa wao ungepona kwa vidonge vya siku chache.

Sisemi kwamba saratani ya ini haipo. Ipo, tena ni kali, na mwishoni nitaieleza. Lakini ini lina vimbe za namna nyingi, na baadhi yake zinafanana sana na saratani zikitazamwa kwa haraka. Kwa hiyo yafaa tujue daktari anazitenganishaje, na sisi tumsaidieje.

Kwanza ini lenyewe. Wekeni kiganja juu ya mbavu za chini za upande wa kulia. Ini liko hapo ndani, limefichwa na mbavu. La mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Damu yote inayotoka matumboni, ikiwa imebeba chakula tulichokula, hupita kwanza katika ini kabla ya kwenda mwilini. Ini huisafisha, huweka akiba ya sukari, hutengeneza nyongo, tena hutengeneza vitu vinavyoifanya damu igande mtu akijikata. Mkumbuke mambo mawili. Kwa kuwa damu ya matumbo hupita pale, wadudu wa tumboni nao hupata njia ya kufika pale. Na nyama ya ini yenyewe haina hisia ya maumivu. Kinachouma ni ngozi nyembamba inayolifunika. Ndiyo maana uvimbe waweza kukua kimya kimya miaka mingi, mpaka uguse ile ngozi.

Ninyi mnaonunua maini buchani mmekwisha kuona zaidi ya mnavyodhani. Muuzaji anapokata ini la ng'ombe, mara nyingine hukuta kifuko cha maji, au doa jeupe, au mirija migumu yenye minyoo. Mkaguzi wa nyama katika machinjio ya Vingunguti anayajua haya vizuri. Ndiyo kazi yake. Anakata, anatazama, anasema hiki ni kifuko cha tegu, hili ni jipu, kisha anatupa kinachopaswa kutupwa. Hakuna anayesema kila ng'ombe mwenye doa katika ini alikuwa na saratani. Ini la binadamu nalo ni vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba la binadamu hatuwezi kulikata ili tutazame. Inatubidi tutazame kutoka nje.

Hapo ndipo altrasaundi inapoingia. Mashine hiyo hutoa sauti ambazo sikio la mtu halizisikii, kisha inasikiliza mwangwi unaorudi. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uingereza, walitangaza mwaka 1958 kwamba kwa njia hiyo wameona vimbe za tumboni bila kumpasua mgonjwa. Maji hayarudishi mwangwi, kwa hiyo katika picha huonekana meusi. Nyama hurudisha, nayo huonekana ya kijivu au nyeupe. Swali la kwanza la daktari ni hilo: uvimbe huu ni maji au ni nyama?

Lakini picha ni kivuli tu. Ukiona kivuli cha mtu ukutani usiku, unajua ni mtu, hujui ni nani. Jipu changa katika ini laweza kuonekana kama nyama. Saratani ambayo katikati yake imekufa na kuoza yaweza kuonekana kama jipu. Kwa hiyo mtu wa altrasaundi aliye mwaminifu huandika alichokiona, yaani mahali, ukubwa na rangi, na jina la ugonjwa humwachia daktari ayaunganishe yote.

Tuchukue mfano. Huu nimeutunga kwa ajili ya somo. Sio habari ya mtu fulani. Mchukuzi wa mkokoteni, mwenye miaka 38, hubeba mizigo kutoka Mtaa wa Msimbazi mpaka stendi. Yapata wiki tatu ana homa, hasa jioni, na usiku anatokwa jasho. Anaumwa chini ya mbavu za kulia, na maumivu yanapanda mpaka bega la kulia. Alidhani ni ya mizigo. Amekunywa dawa ya malaria mara mbili bila kupimwa. Amekonda. Altrasaundi ikasema: uvimbe mmoja, upande wa kulia wa ini, sentimita 8. Kaka yake akasema, "Tumrudishe nyumbani Morogoro kabla hajazidiwa." Mkokoteni ukapata mnunuzi siku hiyohiyo.

Kwa bahati mke wake akakataa. Akampeleka hospitali, wakaonana na daktari mama mtu mzima.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Ulianza kuumwa lini hasa?"

"Wiki tatu sasa, mama."

"Kabla ya hapo ulikuwa mzima? Ulibeba mizigo kama kawaida?"

"Kama kawaida."

"Umepata kuharisha mwaka huu, hata damu kidogo?"

"Mwezi wa pili, siku mbili hivi. Ikapita."

"Maji ya kunywa unayapata wapi?"

"Popote penye ndoo, mama. Kazi yetu haina nafasi ya kuchemsha."

"Pombe?"

Kimya kidogo. "Ya jioni, mama."

"Umezaliwa wapi? Umepata kuishi na mifugo na mbwa? Katika ukoo wenu yuko aliyekufa kwa ugonjwa wa ini?"

Msidhani daktari huyo anapiga soga. Kila swali lina kazi. Saratani ya ini kwa kawaida hujengeka kwa miezi na miaka, nayo mara nyingi haileti homa kali ya ghafla. Mtu aliyekuwa akibeba magunia mwezi uliopita, kisha homa ikampiga wiki tatu, habari yake yaelekea kuwa ya jipu.

Jipu hilo huletwa na mdudu mdogo sana aitwaye amiba, ambaye haonekani kwa macho. Huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mnajua mvua zinavyokuwa bonde la Msimbazi likifurika pale Jangwani, vyoo na visima vikachanganyika. Amiba hukaa utumboni, na mara nyingine huingia katika damu ikampeleka mpaka kwenye ini. Hapo huyeyusha nyama polepole. Usaha wake si wa njano kama wa jipu la ngozi. Ni wa rangi ya kahawia, kama uji mzito wa ulezi. Ugonjwa huu hupenda wanaume kuliko wanawake, yapata kumi kwa mmoja, na hasa wale wa umri wa kazi. Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba mgonjwa mara nyingi haharishi wakati ini linapouma, tena choo chake kikipimwa huenda amiba asionekane. Choo kisafi hakiondoi jipu la ini.

Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kama mwili umepigana na amiba. Pasipo na kipimo hicho, daktari aweza kuanza dawa na kuangalia. Dawa yenyewe ni metronidazoli, ambayo wengi hapa mjini huiita Flagyl. Ikiwa ni jipu la amiba, homa huanza kushuka katika siku tatu au nne, na mgonjwa anaomba chakula. Ikiwa siku hizo zimepita na homa haijashuka, daktari hurudi nyuma na kufikiri upya. Huenda jipu ni kubwa mno na lapaswa kunyonywa kwa sindano, au huenda halikuwa la amiba. Baada ya metronidazoli hutolewa dawa nyingine ya kumaliza amiba waliobaki utumboni, maana wakiachwa hurudi tena. Vipimo vya dawa hizi ni kazi ya daktari. Msiende duka la dawa mkanunua vidonge sita kwa kukisia. Vitatuliza jipu nusu, na picha itakayofuata itamchanganya kila mtu.

Na hapa pana tego lingine. Mgonjwa amepona, anakula, amerudi kwenye mkokoteni. Baada ya miezi miwili anapimwa tena, na altrasaundi inasema bado kuna shimo katika ini. Watu wanaanza kulia upya. Msilie. Shimo la jipu la amiba huchukua miezi mingi kuziba, na huku mtu ni mzima. Kinachotazamwa ni kama linapungua.

Jipu hili lisidharauliwe, hata hivyo. Likiachwa hupasuka, laweza kumwaga usaha kifuani au tumboni, na lile la upande wa kushoto laweza kufika hata kwenye mfuko wa moyo. Anayekwenda kijijini kungoja kufa kwa saratani asiyokuwa nayo, aweza kufa kweli kwa jipu.

Lile swali la mbwa na mifugo lilihusu kitu kingine. Kariakoo ina watu wa kila mkoa, na daktari wa Dar es Salaam hawezi kujua ini la mtu bila kujua alikotoka. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria huenda alipata kichocho cha matumbo akiwa mtoto. Hicho hufanya ini kuwa gumu na bandama kuvimba, mara nyingine mpaka mtu anatapika damu. Mtu aliyekulia katika jamii ya wafugaji huenda ana kifuko cha tegu wa mbwa. Mbwa hula ini bovu la kondoo au mbuzi, tegu huzaa ndani yake, mayai hutoka na kinyesi na kushika manyoya yake. Mtoto anayecheza naye huyameza. Miaka mingi baadaye huonekana mfuko wa maji katika ini, mara nyingine mkubwa kama nazi.

Waturkana wa kaskazini magharibi mwa Kenya walikuwa miongoni mwa watu walioteswa zaidi duniani na ugonjwa huo. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kuupunguza kule. Walidhibiti mbwa, na walichukua mashine za altrasaundi mpaka vijijini, wakawapima watu chini ya miti. Wataalamu wakajifunza kutambua sura za vifuko hivyo kwa macho: kimoja chenye ukuta wa tabaka mbili, kingine chenye vifuko vidogo ndani yake kama mayai ndani ya kuku. Kifuko cha namna hiyo hakipaswi kuchomwa sindano ovyo. Maji yake yakimwagika tumboni mwili waweza kushtuka vibaya mpaka mtu akafa, na vifuko vingine vikaota. Dawa ya albendazoli, upasuaji, au sindano ya wataalamu waliojiandaa, ndizo njia zake.

Sasa tuziache zile za maji, tuje kwenye zile za nyama, maana hizi ndizo zinazofanana na saratani zaidi.

Iliyo ya kawaida kuliko zote ni fundo la mishipa ya damu. Mishipa midogo imejisokota pamoja, kama nyuzi zilizofungana. Watu wengi wanalo na hawajui. Katika altrasaundi huonekana jeupe, la mviringo, lenye ukingo safi. Haligeuki kuwa saratani, na kwa kawaida halihitaji dawa wala kisu. Ikiwa daktari ana shaka, hupeleka mtu kwenye siti skani. Humo mgonjwa huchomwa dawa ya rangi katika mshipa wa mkono, kisha mashine hupiga picha nyingi za haraka. Angalieni tofauti: katika fundo la mishipa, rangi huanza pembeni, ikaingia ndani polepole na kukaa. Katika saratani ya ini iliyo ya kawaida, rangi huwaka mara moja, kisha hutoka upesi kuliko katika nyama iliyo jirani. Mwendo wa ile rangi hutoa habari ambayo picha moja iliyosimama haiwezi kuitoa.

(Kwa njia, mmoja wa watu wawili waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa ajili ya mashine hiyo alikuwa mzaliwa wa Afrika. Ni Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg. Alianza kulifikiria jambo hilo mwaka 1956, alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Mwenzake, Godfrey Hounsfield wa Uingereza, ndiye aliyeijenga mashine ya kwanza iliyotumika kwa wagonjwa.)

Ziko na nyingine zisizoonekana mara nyingi. Liko fundo la nyama ya ini yenyewe, lenye kovu katikati mfano wa nyota. Hupatikana zaidi kwa wanawake wa umri wa kuzaa, nalo halina madhara. Uko uvimbe mwingine wa wanawake ambao huhusiana na vidonge vya kupanga uzazi. Huo hutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ukizidi sentimita 5 waweza kuvuja damu, na mara chache hugeuka. Vijana wa kiume wanaomeza au kujichoma dawa za kutunisha misuli nao waweza kuupata, na kwao hatari ni kubwa zaidi. Kisha kuna kifua kikuu. Wengi wetu twakijua kama ugonjwa wa mapafu, lakini chaweza kujenga uvimbe ndani ya ini, mtu akakonda na kutoka jasho, na picha ikasema saratani. Tena kuna uvimbe unaobaki baada ya mwili kupigana na vijidudu: askari wa mwili wamekusanyika mahali pamoja, wamevimba, wamefanya kovu. Huo umewadanganya hata madaktari wazoefu, wakapasua kwa kudhani ni saratani, na kumbe ungeweza kunywea.

Kwa hizi za nadra, picha haitoshi. Hapo daktari husema, "Itabidi tuchukue kinyama." Neno hili huwatisha watu bure. Kinyama ni kipande chembamba kama uzi, kinachotolewa kwa sindano ndefu huku altrasaundi ikiongoza, na mahali penyewe pametiwa ganzi. Hupelekwa maabara, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Daktari wa maabara huziona chembe zenyewe, kama vile mkaguzi wa Vingunguti anavyoliona ini mkononi mwake. Kabla ya sindano hupimwa kama damu ya mgonjwa inaganda vizuri, kwa sababu, kama nilivyosema, ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu, na ini bovu huvuja. Na daktari huhakikisha kwanza kwamba anachokichoma si fundo la mishipa wala kifuko cha tegu. Watu husema kwamba sindano "huamsha" saratani na kuitawanya. Hatari ya namna hiyo ipo lakini ni ndogo, na daktari huipima dhidi ya hasara ya kutojua. Jibu huchukua siku kadhaa, pengine majuma, na kungoja huko ndiko kunakochosha kuliko sindano.

Kuna pia kipimo cha damu kiitwacho AFP. Mwanzo wake ni miaka ya 1963 na 1964, wataalamu wa Urusi, Abelev na Tatarinov, walipoona kwamba protini ya mtoto aliye tumboni hurudi katika damu ya mwenye saratani ya ini. Ikiwa juu sana, daktari hushuku sana. Lakini hupanda pia kwa mwanamke mjamzito na kwa mwenye homa ya ini, na baadhi ya wenye saratani hawanayo kabisa. Basi mtu asifurahi wala asilie kwa AFP peke yake.

Sasa nitimize ahadi yangu kuhusu saratani yenyewe. Katika nchi zetu wazazi wake wakubwa ni wawili, nao husaidiana. Wa kwanza ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Huenea kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wembe mmoja wa kuchanjia chale watu watatu unatosha. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo yake pamoja na chanjo zao nyingine mwaka 2002. Ninyi watu wazima wa darasani wengi mlizaliwa kabla ya hapo, kwa hiyo yafaa mpimwe. Ni tone la damu tu. Aliyekutwa na virusi hivyo hufuatwa, na daktari akiona inafaa humpima altrasaundi kila miezi sita, ili uvimbe ukitokea uonekane ungali mdogo. Wa pili ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Dunia iliijua baada ya batamzinga wapatao laki moja kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa karanga mbovu. Mwaka 2016 iliwaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga chungu, zilizosinyaa au zenye ukungu, mama zangu wa sokoni, msizichanganye na nzuri ili kupunguza hasara.

Mtu mwenye homa ya ini ya B, ambaye ini lake limekwisha kuwa gumu, akikutwa na uvimbe unaokua, huyo daktari hatamfariji kwa maneno ya mafundo yasiyo na madhara. Atamharakisha. Uvimbe wa saratani ukiwa mdogo waweza kukatwa au kuunguzwa kwa sindano maalumu. Ukiwa mkubwa njia hupungua. Kwa hiyo akiwaambia mwende Muhimbili, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, nendeni juma hilohilo. Jengo la Ocean Road lilijengwa na Wajerumani mwaka 1897 kuwa hospitali ya kawaida, na tangu 1996 ni taasisi ya saratani. Jina lake hutisha, lakini kutumwa huko kuangaliwa hakumaanishi kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Na katika muda wa kungoja majibu, acheni pombe, wala msinywe unga wa mizizi msiojua umetoka mti gani. Wapo waganga wa mitishamba wenye busara, lakini ini ndilo linalochuja kila tunachomeza, na lililo gonjwa halifai kuongezewa mzigo.

Limebaki jambo linalohusu kalamu zenu. Karatasi ya hospitali mkipewa kwa Kiingereza, mwombeni daktari kwa heshima awaambie mambo matano kwa Kiswahili, nanyi myaandike wenyewe chini yake: tarehe, upande, idadi ya vimbe, ukubwa kwa sentimita, na kama ni maji au nyama. Daktari mzuri hatachukia. Karatasi hizo zitunzeni katika mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa maana picha ya zamani ni shahidi. Uvimbe wa nyama uliokaa miaka miwili bila kuongezeka si kawaida kuwa saratani. Lakini nani atajua kama haukuongezeka, ikiwa karatasi ya kwanza imefungiwa vitumbua?

Sasa zoezi. Mwalimu aandike ubaoni habari za watu wawili. Mtu wa kwanza: Machi, uvimbe mmoja, kulia, sentimita 4, nyama; Septemba, uvimbe mmoja, kulia, sentimita 4, nyama. Mtu wa pili: Machi, uvimbe mmoja, kulia, sentimita 2, nyama, Juni, vimbe mbili, kulia, sentimita 4 na sentimita 1, nyama. Someni mistari yote kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kisha kila mwanafunzi aandike sentensi moja: ni mtu gani anayepaswa kurudi kwa daktari kesho asubuhi, na amejuaje. Asiyekubaliana na mwenzake aseme kwa nini. Mwalimu, dakika kumi zinatosha.

Kwaherini.